Kadogo Akirudi Nyumbani

Jioni moja, katika kijiji kimoja cha Kivu Kusini, mama mmoja alitenga bugali, sombe na sambaza kidogo, akamwita mwanawe. Kijana huyo alikuwa amerudi siku tatu zilizopita baada ya kukaa msituni karibu miaka miwili. Hakukaa mkekani na wadogo zake. Alichukua kigoda, akakisogeza hadi ukutani, akaketi uso ukielekea mlango. Alikula haraka haraka, mkono wa kushoto ukiikinga sahani. Barabarani pikipiki ikalia mlio wa ghafla. Sahani ilianguka, na kabla haijatulia yeye alikuwa ameshafika nyuma ya nyumba. Mama hakusema neno. Aliiokota sahani, akaisuuza, akapakua tena, akaiweka palepale kando ya kigoda, kisha akaendelea kuzungumza na wale wadogo habari za mihogo.

Nimeanza na mama huyo kwa sababu alifanya kwa dakika tano jambo ambalo ningependa kila familia ilijue. Wengi wetu tunadhani kazi ya kumtoa mtoto vitani huisha siku anapoachana na bunduki. Siku hiyo ndipo kazi inapoanza, na wenye kubeba mzigo wake mkubwa ni mama, shangazi, babu, mwalimu, jirani, padri, mchungaji, imamu. Makala haya nimewaandikia wao. Mifano mingi nimeitoa mashariki mwa Kongo, ambako jambo hili limezungumzwa kwa Kiswahili kwa miaka thelathini sasa, lakini familia iliyoko kambini Nyarugusu, Kigoma, au Nakivale, Uganda, itajiona humu pia.

Kadogo ni nani

Neno kadogo ni la kumbembeleza mtoto. Lilipata maana nyingine mwaka 1996, pale waasi wa AFDL walioongozwa na Laurent-Désiré Kabila walipoanza safari yao kutoka mashariki hadi Kinshasa, walikoingia Mei 1997. Katika safu zao walikuwemo maelfu ya watoto, wengine wamevaa mabuti ya mvua yaliyowazidi miguu, bunduki ikiburuzwa chini. Watu wakawaita kadogo, na jina likabaki.

Ubaya wa jina hilo ni kwamba linatufanya tumfikirie mvulana mwenye bunduki peke yake. Kanuni za Paris za mwaka 2007, ambazo mashirika na serikali nyingi huzifuata, zinasema mtoto aliyehusishwa na kundi lenye silaha ni yeyote mwenye umri chini ya miaka 18 aliyechukuliwa au kutumiwa na jeshi au kundi kwa kazi yoyote: mpishi, mbeba mizigo, mpeleka habari, mpelelezi, mlinzi wa kizuizi cha barabarani, mtengeneza dawa za kienyeji za kundi, au msichana aliyegeuzwa mke wa kamanda. Kwa hiyo swali la kama alishika bunduki si lango la kupata msaada. Mtoto hahitaji kusalimisha silaha ili atambuliwe. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wazazi waliowarudisha watoto wao wakatafute bunduki, wakiamini kwamba bila hiyo hawatapokelewa.

Wanavyochukuliwa

Wengi hukamatwa njiani, wakitoka shule, wakienda kuchota maji au wakirudi sokoni. Huko Ituri, mwaka 2002 na 2003, wakuu wa kundi la UPC walizitaka familia zichangie vita, ama kwa ng'ombe, ama kwa fedha, ama kwa mtoto. Familia isiyo na ng'ombe wala fedha ilijua imebakiwa na nini cha kutoa. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, ripoti za Umoja wa Mataifa zimeendelea kutaja watoto katika M23 na katika makundi ya Wazalendo yanayopigana nayo vilevile.

Wapo pia waliokwenda kwa miguu yao. Kijiji kimechomwa, baba ameuawa, shule imefungwa, na kundi ndilo mahali pekee panapopikwa chakula kila siku. Wengine walikwenda kulipiza kisasi. Wengine kamanda alikuwa mjomba wao, na nyumbani walisifiwa walipoondoka. Jirani akisema, "Si alijiunga mwenyewe?", mjibu kwa upole kwamba mahakimu wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu kule The Hague walishalijibu swali hilo mwaka 2012 walipomtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC: ridhaa ya mtoto aliye chini ya miaka 15 haimwokoi aliyemwandikisha.

Kesi hiyo ya Lubanga ndiyo iliyokuwa hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo, na ilihusu watoto tu. Miongoni mwa ushahidi ulioonyeshwa ni video ya ziara yake katika kambi ya mafunzo ya Rwampara, karibu na Bunia, tarehe 12 Februari 2003. Mwaka mmoja kamili kabla ya siku hiyo, 12 Februari 2002, ndipo ulipoanza kutumika mkataba wa nyongeza wa Umoja wa Mataifa unaokataza kuwatumia watoto vitani. Ndiyo maana kila tarehe 12 Februari watu duniani hunyanyua viganja vilivyopakwa rangi nyekundu.

Kinachofanyika huko

Mzazi anahitaji kujua haya ili asishangazwe na anachokiona nyumbani. Mtoto anapofika kambini hunyang'anywa kwanza jina. Anapewa jingine, la vita, na anapigwa akiitikia la zamani. Huchapwa viboko, hulala njaa, huamrishwa usiku wa manane. Makundi mengi huwapa bangi na pombe. Na lipo jambo moja ambalo viongozi wa makundi hulifanya kwa makusudi: humlazimisha mtoto aumize au aue mtu anayemjua, mara nyingine mbele ya kijiji chake, ili ajione hana tena pa kurudi. Kundi la LRA la Joseph Kony lilifanya hivyo kaskazini mwa Uganda kwa miaka mingi. Mtoto anayesema "mimi siwezi kurudi kule" mara nyingi anarudia alichofundishwa.

Katika makundi ya Mayi-Mayi, wanamgambo wa vijijini mashariki mwa Kongo, kuna dawa. Mtoto huchanjwa chale, hunyunyiziwa maji, huambiwa risasi itageuka maji ilimradi ashike masharti: asile chakula fulani, asiguswe na fulani, asigeuke nyuma. Rafiki yake akipigwa risasi akafa, wakubwa husema alivunja sharti. Hebu fikiri mtoto wa miaka 12 anabeba nini baada ya hapo. Anaamini mwenzake alikufa kwa kosa, na huenda anaamini kosa lile lilikuwa lake yeye, kwa sababu ndiye aliyegawana naye embe. Ukisikia mtoto anakataa chakula fulani kwa hofu, au anaosha mikono mara kwa mara, usimcheke na usimlazimishe. Subiri. Siku atakapoeleza, mwambie wazi kwamba risasi ndiyo iliyomuua mwenzake, na aliyewapeleka pale ndiye mwenye kujibu.

Akigonga mlango usiku

Watoto wengi hawatoki kwa utaratibu rasmi. Hutoroka, na hufika usiku, wakiwa na njaa, homa na vidonda. Mpe maji, mpe chakula kidogo kidogo, mpe nguo za kawaida na mahali pa kulala. Maswali yangoje. Swali moja lisiulizwe kabisa, si usiku huo wala mwezi ujao: "Umeua wangapi?" Nimesikia watu wazima, hata watumishi wa Mungu, wakiliuliza kwa tamaa ya kusikia hadithi.

Kama amekuja na silaha au bomu la mkono, usikishike, usikifiche chini ya kitanda, wala usimtume mtoto mwingine akakitupe mtoni. Waondoe watu mahali hapo, kisha mpate mtu mnayemwamini wa kuwasiliana na wahusika.

Wahusika ni nani? Asubuhi, mtu mzima mmoja wa familia, bila mtoto, aende kwa wale wanaoshughulika na ulinzi wa watoto mahali hapo. Vijiji vingi vya Kivu na Ituri vina kamati za wananchi ziitwazo RECOPE, ambazo kazi yake ni hiyo. Msalaba Mwekundu hutafuta ndugu waliopotezana na kubeba ujumbe kati yao. UNICEF hufanya kazi na mashirika ya wenyeji yenye vituo vya muda, ambavyo watu huviita CTO, na familia za malezi zinazompokea mtoto kwa muda wakati ndugu zake wakitafutwa. Askari wa MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, waliondoka Kivu Kusini Juni 2024, kwa hiyo aliyezoea kukimbilia kwao huko asipoteze muda. Ukiwa Tanzania, Kenya au Uganda, piga simu 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto.

Kwa nini nisiseme mpeleke moja kwa moja kambini kwa wanajeshi? Kwa sababu barabarani lolote linaweza kutokea, na kwa sababu mtoto akiwa peke yake mbele ya afisa wa upelelezi hugeuka chanzo cha habari. Kongo ilitia saini mpango na Umoja wa Mataifa mwezi Oktoba 2012 wa kukomesha utumiaji wa watoto jeshini na kuwakabidhi wanaokamatwa kwa wanaowalinda watoto. Mtoto wako akikamatwa, lidai hilo. Kumhoji kuhusu mahali lilipo kundi, kumtembeza akaonyeshe njia, kumweka mahabusu na watu wazima, yote hayo ni kinyume.

Usisahau mwili. Mtoto huyu anahitaji kupimwa malaria, kifua kikuu, minyoo, na vidonda vya zamani, maana wengi hutembea na vipande vya chuma mwilini. Kama amebakwa, awe msichana au mvulana, saa zinahesabiwa: dawa za kuzuia Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na vidonge vya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Hata kama muda huo umepita, apelekwe. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imejulikana duniani kwa kazi hii, lakini hata zahanati ya karibu inaweza kuanza.

Karatasi na sheria

Mtoto anayepita katika utaratibu rasmi hupewa cheti cha kutoka katika kundi lenye silaha. Kitunze kama unavyotunza hati ya shamba. Kitolee nakala, moja ibaki kwa mtu mwingine unayemwamini. Kwa askari wa serikali, cheti hicho humwepusha kijana na tuhuma za uasi. Mikononi mwa waasi kinaweza kumponza. Kwa hiyo asitembee nacho kila mahali bila kufikiri anapita njia ya nani.

Sheria ya Kongo ya kulinda watoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza mtu yeyote kumwingiza aliye chini ya miaka 18 jeshini, polisi au katika kundi lenye silaha, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 10 hadi 20. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto nao unataja umri huohuo wa miaka 18. Mahakama ya The Hague huwahukumu waliowaandikisha watoto wa chini ya miaka 15, jambo ambalo huwachanganya watu. Usikubali kuambiwa kwamba mtoto wa miaka 16 ni halali kuchukuliwa. Na mahakama za kijeshi za Kongo hazina mamlaka juu ya mtoto. Akishtakiwa kwa lolote, mahali pake ni mahakama ya watoto, akiwa na mtetezi.

Watu huuliza, na wana haki ya kuuliza: kama mtoto alifanya unyama, hatawajibika kamwe? Mfano mgumu kuliko yote ni wa Dominic Ongwen. Alitekwa na LRA akiwa na miaka kama 9, njiani kwenda shule. Alikua humohumo, akawa kamanda, akateka watoto wa wengine. Februari 2021 mahakama ya The Hague ilimtia hatiani kwa makosa 61 aliyoyatenda akiwa mtu mzima, na Mei mwaka huo akapewa miaka 25. Mahakimu walisema waziwazi kwamba utoto wake ulioharibiwa umepunguza adhabu, ingawa haukumfutia hatia. Kwangu mimi somo la Ongwen halimhusu mtoto aliyerudi akiwa na miaka 14. Linatuhusu sisi ambao hatukumrudisha alipokuwa na miaka 14.

Nyumbani

Mwili wa mtoto huyu umefundishwa kitu kimoja: kelele ikitokea, kimbia au piga. Mafunzo hayo yalimwokoa huko, na hayazimiki kwa sababu amevuka kizingiti cha mama yake. Ndiyo maana hukaa uso mlangoni, hulala sakafuni na viatu, hushtuka, hupiga mtu kabla ya kujua amempiga nani. Usimwamshe kwa kumtikisa. Simama miguuni pake, mbali kidogo, umwite jina lake la nyumbani mpaka aitike. Akiamka anapiga kelele, washa taa, mwambie yuko wapi na nani wamo ndani, mpe maji baridi anywe, mwambie akanyage chini kwa nyayo zote mbili. Usimkumbatie kutoka nyuma hata kama moyo wako unakusukuma.

Jina ni kazi ya kila siku. Wadogo zake waambieni: jina la vita halitamkwi hapa. Yeye mwenyewe akilisema, msimkaripie.

Ratiba husaidia kuliko mahubiri. Kambini kila saa ilikuwa na amri, na akiachwa bila la kufanya, mawazo humrudisha huko. Ampelekee babu chai asubuhi, achote maji, alishe mbuzi au sungura, acheze mpira saa kumi. Sheria za nyumba ziwe chache na zimhusu kila mtu. Atajaribu kuwaamrisha wadogo zake kama afande. Mwambie hapana, bila kumpiga. Fimbo kwake ni lugha ya kule, na anaijua kuliko wewe.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Asimkalishe akiupa mgongo mlango, asimwite askari hata kwa utani, na asimfanye kiranja wa kuwachapa wenzake kwa kuwa ni mkubwa kimo. Shule ya msingi ya serikali Kongo haitozi ada tangu Septemba 2019, ingawa daftari na sare bado ni mzigo. Kijana wa miaka 15 hataki kukaa na watoto wa darasa la pili, na sioni haja ya kumlazimisha. Ulizia masomo ya kufidia, ambayo hubana miaka 6 ya msingi katika miaka 3.

Sala inasaidia wengi, na mila pia. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda humfanya anayerejea akanyage yai bichi kabla hajaingia nyumbani, familia nzima ikitazama. Kitendo kidogo, lakini kila aliyekuwepo anajua tangu siku hiyo fulani ni wetu tena. Mila ya namna hiyo ifanyeni. Lakini mtu akidai kumtoa mtoto pepo kwa kumfunga, kumchapa au kumnyima chakula siku nzima, mchukue mwanao mwondoke.

Mtoto akizungumzia kufa, akijikata, akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, au akipotea akilini kiasi cha kutowatambua watu, hapo anahitaji mtaalamu. Yapo matibabu ya mazungumzo, ambamo mtu husaidiwa kuisimulia historia yake yote kwa utaratibu, na yalijaribiwa kwa vijana waliotoka vitani kaskazini mwa Uganda yakaonyesha nafuu. Hayo hufanywa na aliyefundishwa. Ndugu asimchokonoe mtoto asimulie ili "atoe yote". Na picha yake isipelekwe WhatsApp, hata ya furaha, hata kwa ndugu walioko Dar es Salaam au Ulaya. Aliyemchukua mara ya kwanza ana simu pia.

Jirani mwenye uchungu

Hapa pagumu. Huenda mtoto huyu alikuwepo siku nyumba ya jirani ilipochomwa. Jirani ana haki ya uchungu wake, na familia inayomwambia asahau inamdhulumu mara ya pili. Kilichofanya kazi mahali pengi ni wazee kwenda kwanza, bila mtoto, kumsikiliza jirani mpaka amalize. Huenda wakarudi mara tatu. Mtoto asisimamishwe mbele ya umati kuomba radhi kwa maneno aliyoandikiwa; atakapokuwa tayari, aende na babu yake, ndani, watu wachache. Wakati mwingine fidia ndogo ya mikono, kama kulima shamba la mjane kwa msimu mmoja, imefanya zaidi ya maneno.

Mtafiti Theresa Betancourt na wenzake walianza mwaka 2002 kuwafuatilia watoto waliotoka vitani Sierra Leone, wakaendelea nao hadi utu uzima. Waliona kwamba jinsi jamii ilivyowapokea ilichangia sana hali yao ya baadaye, hata kwa wale waliopitia mabaya makubwa. Wale waliotengwa waliumia zaidi. Kwa hiyo watoto wa bombani wanaoimba "muasi, muasi" wanafanya jambo zito, na mtu mzima aliye karibu anapaswa kuacha ndoo yake akawazuie.

Asichukuliwe tena

Kuna watoto waliotoka vitani mara mbili, mara tatu. Mwaka 2004 na miaka michache iliyofuata, watoto zaidi ya 30,000 waliondolewa katika majeshi na makundi nchini Kongo, na wengi wao walirejea vijiji ambako kundi lilikuwa bado liko mlimani likiwaona. Miezi ya mwanzo ndiyo ya hatari zaidi. Abadilishe njia, asitembee peke yake alfajiri wala jioni, asiwekwe mlinzi wa usiku wala kupelekwa machimboni ambako makundi hutoza watu kodi. Ikiwezekana, akae kwanza na shangazi wa mji mwingine.

Na fedha. Kijana aliyekuwa anashika pesa za kizuizi cha barabarani sasa anaomba sabuni kwa mama yake. Aibu hiyo imewarudisha wengi kuliko itikadi yoyote. Ufundi wa kushona, useremala, kutengeneza pikipiki, kufuga, chochote chenye mteja halisi hapo kijijini. Kabla ya kumpeleka kujifunza, nenda sokoni uhesabu mafundi cherehani wangapi tayari wanapiga miayo.

Wasichana

Nimewaweka mwisho kwa sababu ndivyo wanavyowekwa kila mahali, na nataka msomaji abaki nao. Inakadiriwa kwamba wasichana ni theluthi au zaidi ya watoto walio katika makundi mashariki mwa Kongo. Kati ya wanaotolewa rasmi, wao ni wachache mno. Wengine wako wapi? Kamanda anasema, "Huyu ni mke wangu." Msichana mwenyewe anaogopa kuonekana akishuka kwenye gari la shirika, maana kijiji kizima kitajua alikuwa wapi. Basi anarudi kimyakimya, hana cheti, hana matibabu, na mara nyingi ana mtoto mgongoni.

Katika kesi ya Bosco Ntaganda, kamanda wa UPC aliyehukumiwa mwaka 2019 kifungo cha miaka 30, mahakama ya The Hague ilisikia jina walilopewa wasichana na wanawake wa jeshi lake huko Ituri: guduria. Guduria ni chombo kikubwa kinachowekwa ili kila mtu achote. Mahakama ilimtia hatiani kwa ubakaji na utumwa wa kingono dhidi ya watoto wa kike waliokuwa katika jeshi lake mwenyewe, ikakataa hoja kwamba sheria za vita hazimlindi mtu dhidi ya wenzake. Neno lilitoka kwetu. Maneno ya kumpokea msichana nayo yatoke kwetu.

Shirika la Child Soldiers International lilizungumza na wasichana waliorejea nyumbani mashariki mwa Kongo, na mwaka 2017 likatoa walichosema. Kilichowaumiza zaidi ni jinsi walivyotazamwa nyumbani: hafai kuolewa, atawaharibu wenzake, aende zake. Na walipoulizwa ni nini kingewarudishia heshima, wengi walitaja shule. Akivaa sare, walisema, watu humwona mwanafunzi. Kama familia yako ina fedha ya jambo moja tu, hilo ndilo ningelichagua, na bibi abaki na mtoto mchanga asubuhi.

Mtoto huyo mchanga aandikishwe. Kongo siku 90 za kwanza ni bure. Asiitwe jina la kumkumbusha mama yake msitu. Mahari yasizungumzwe mbele ya msichana kana kwamba ni hasara iliyokwishapatikana, na asiozwe haraka kwa mzee yeyote aliyejitolea "kuficha aibu". Kama anataka kupita katika utaratibu rasmi bila kuonekana, waambie wahusika wakutane naye kanisani, msikitini au zahanati, penye watu wengine wenye shughuli zao.

Shangazi mmoja ninayemfahamu, muuza sabuni, hakungoja mtu amshauri. Binti wa kaka yake aliporudi na mtoto wa miezi minne, alikaa naye ndani wiki mbili mpaka homa ikaisha. Kisha siku ya soko akamfunga yule mtoto mgongoni mwake mwenyewe, akampa binti kikapu cha sabuni, wakaenda pamoja wakapanga meza moja. Wiki iliyofuata vilevile. Wanawake wa meza za jirani walimtazama mtoto, wakamtazama binti, na hatimaye mmoja akauliza huyo mtoto ni wa nani.

"Mjukuu wangu," akasema shangazi. "Unataka kipande kizima au nusu?"